Jinsi ya kuandaa ndege za foamu za rimoti kwa mapambano ya tepe

Kwenye mapambano ya ndege za rimoti, pointi humwendea aliye hewani raundi ya kwanza, ya pili na ya mwisho. Ndege iliyovunjika dakika ya kwanza haikusanyi kitu tena, hata kama ilipigwa rangi wiki nzima. Ndege isiyovunjika haipo, kwa hiyo tusihangaike nayo. Tutajenga ndege inayovunjika mahali ulipopachagua wewe, inayotengenezeka kwa dakika chache pembeni ya uwanja, na yenye pacha wake anayesubiri ndani ya gari.

Kwa asiyeujua mchezo: kila ndege huvuta utepe mrefu wa karatasi nyuma yake. Rubani anatafuta kukata utepe wa mwenzake kwa bawa au propela, huku akiulinda wa kwake. Ulaya kuna mashindano yanayoitwa Aircombat, ambako ndege zilizochongwa kwa mfano wa zile za Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1:12, hukatana tepe. Marekani, kwenye matamasha ya Flite Test huko Ohio, watu hurusha ndege nyingi za bodi za foamu kwa mpigo mmoja na kugongana makusudi. Kwa kundi linaloanza nashauri njia ya tepe. Kugongana kutatokea tu, lakini kusiwe ndilo lengo.

Hatua ya 1: Elewaneni sheria kabla ya kushika kisu

Sheria ndizo zinazoamua ndege itakuwaje, kwa hiyo zitangulie. Mkikubaliana uzito baada ya kujenga, mwenye ndege nzito atasononeka na mwenye nyepesi ataumia. Mimi ningependekeza hivi: ndege isizidi gramu 700 ikiwa na betri, betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3, si zaidi, propela ya plastiki tu, hakuna chuma, mwanzi wala fimbo ya kaboni inayochomoza mbele, tepe zote zikatwe na mtu mmoja kwa urefu mmoja, raundi moja dakika 5, ndege 4 hewani kwa wakati mmoja hadi mzoeane. Kila mkato pointi 100, kutua na utepe wako mzima pointi 50, na kuvuka mstari wa usalama unapoteza 200. Adhabu hiyo ya mwisho iwe kali namna hiyo hiyo. Mkiilegeza, kuna siku ndege itaingia kwa watazamaji.

Ruhusa nayo ni sehemu ya maandalizi. Kwa macho ya mamlaka, ndege ya rimoti ni chombo cha angani kisicho na rubani, iwe ya foamu au ya dhahabu. Tanzania wasimamizi ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kenya ni KCAA, mamlaka ya anga ya huko, ambao wana kanuni za vyombo hivyo za mwaka 2020. Waandikieni mapema mkitaja uwanja, tarehe, idadi ya ndege, uzito wake na kimo mtakachokomea, mkasubiri jibu la maandishi. Halafu muoneni mwenye uwanja na mtendaji wa mtaa au chifu wa eneo. Uwanja ulio jirani na kiwanja cha ndege au kambi ya jeshi usiufikirie kabisa.

Hatua ya 2: Vifaa

Bodi ya foamu yenye karatasi pande mbili, unene wa milimita 5, hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ofisi na ya wanafunzi wa usanifu majengo. Nenda na mizani ndogo ya jikoni. Bodi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana uzito karibu mara mbili, na tofauti hiyo utaibeba kila unaporuka. Chukua iliyo nyepesi. Ukikosa, nunua nzito kisha ubandue karatasi ya upande wa ndani kwenye sehemu zitakazogundishwa tabaka juu ya tabaka.

Foamu nyeupe ya punjepunje inayofungia televisheni ni rahisi kupatikana, ila humeguka kama andazi kavu, kwa hiyo itumie kwenye pua tu. Ile inayoitwa EPP, inayonepa na kurudi, ndiyo bora kuliko zote kwa mchezo huu. Ukiipata kwa bei ya maana, usiiache.

Gundi ndiyo inayowaponza wengi. Foamu ya kawaida ni polistaireni, na polistaireni huyeyuka ikikutana na petroli, tina, rangi ya kupuliza, gundi ya viatu na superglue ya kawaida. Tumia gundi ya moto ya bunduki, gundi nyeupe ya mbao, au epoksi ya dakika 5. Gundi yoyote mpya ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, usubiri robo saa.

Vifaa vya umeme kwa ndege moja ni mota ya saizi ya 2205 yenye KV (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) karibu 2300, propela ya inchi 6 kwa 4, kidhibiti mwendo cha ampea 30 (madukani kinaandikwa ESC), servo 2 za gramu 9 (vimota vinavyosogeza vibao vya kuongozea), risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), na betri ya lipo ya seli 3 yenye mAh 1300. Vifaa vyote viwe vya mawimbi ya 2.4 GHz vinavyojiunganisha na rimoti moja moja, ili wengi mruke pamoja bila kuingiliana. Usinunue vifaa vya umeme vya ndege mbili. Nunua seti moja na nusu, yaani servo za ziada, mota ya ziada na propela kumi, kisha ujenge mabawa mawili yanayofanana kabisa, vifaa vingine ukivihamisha kutoka bawa moja hadi jingine. Foamu ndiyo inayokufa mara nyingi, nayo ndiyo rahisi kuliko vyote.

Hatua ya 3: Kata bawa

Kwa mapambano nachagua bawa tupu lisilo na mkia, lenye mota nyuma. Mkia ni kitu kimoja zaidi cha kuvunjika, na mota ikiwa nyuma, ukimgonga mwenzako inatangulia foamu, si propela.

Vipimo vya nusu bawa ni hivi: katikati, kutoka mbele hadi nyuma, sm 30, kwenye ncha sm 20, urefu kutoka katikati hadi ncha sm 45. Ncha irudi nyuma, yaani ukingo wa mbele kwenye ncha uwe sm 20 nyuma ya ukingo wa mbele wa katikati. Ndege nzima itakuwa na sm 90 kutoka ncha hadi ncha na eneo la desimita za mraba 22.5. Ikiwa na gramu 550, kila desimita ya mraba inabeba takriban gramu 24, uzito unaoiruhusu kukata kona fupi na kutua polepole.

Umbo la bawa lifanye la ngazi. Tabaka la chini ni kipande kizima. Juu yake unagundisha tabaka la pili linalofunika nusu ya mbele tu, yaani sm 15 katikati na sm 10 kwenye ncha. Linaishia ghafla hapo hapo, na ngazi hiyo ndogo inabaki mgongoni mwa bawa. Wamarekani Richard Kline na Floyd Fogleman walipewa hataza ya wazo hili mwaka 1972, likiwa limeanzia kwenye ndege ya karatasi. Si bawa lenye kasi kuliko yote, lakini halihitaji kuchonga kitu, ni gumu mbele panapogongwa, na mabawa mawili uliyoyakata kwa kiolezo kimoja yanaruka sawasawa. Hilo la mwisho ndilo tunalolitaka, kwa sababu ndege ya pili isikulazimishe kujifunza upya katikati ya mashindano.

Kabla ya kugundisha tabaka la juu, chonga mfereji wa kulaza fimbo ya kaboni ya milimita 4 au kipande cha mwanzi mkavu, sm 6 nyuma ya ukingo wa mbele, kufuata mteremko wake. Kila nusu ina fimbo yake. Fimbo ya tatu ya sm 40 ipite kwa upana, sm 12 nyuma ya pale kingo mbili za mbele zinapokutana, kuunganisha nusu mbili. Kaboni ikatie chini ya kitambaa kibichi, maana vumbi lake halifai kuvutwa. Na antena ya risiva ikae mbali nayo, kwa sababu kaboni huzuia mawimbi.

Elevoni, yaani vile vibao viwili vya nyuma vinavyoiongoza ndege, zipe upana wa sm 4, zianzie sm 8 kutoka katikati hadi sm 2 kabla ya ncha. Zikate kwa mshazari ili ziweze kushuka bila kujibana, kisha bawaba yake iwe tepu juu na vipande vifupi chini.

Katikati panahitaji kisanduku chembamba cha foamu cha kubebea vifaa, upana sm 6 na kimo sm 5, kitokeze sm 12 mbele ya bawa. Bawa lenye mota nyuma huwa na makalio mazito, na betri isiposogezwa mbele vya kutosha ndege haitaruka kabisa.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kuvunjika

Hapa ndipo ndege ya mapambano inapoachana na ndege ya kawaida. Kila pigo lina nguvu yake, na nguvu hiyo lazima iishie mahali. Usipoipa njia itaingia kwenye servo, kwenye mota, au mbaya zaidi kwenye betri.

Pua iwe kofia inayochomoka. Chukua kipande cha EPP, sponji ngumu au, ukikosa, ile foamu ya punjepunje, sm 6, mviringo mbele, ukipachike mbele ya kisanduku kwa vijiti viwili vya mishikaki vilivyokatwa butu, kisha ukifunge kwa rababendi. Ikigonga ardhi inabonyea na kuruka pembeni. Unaiokota, unairudisha, unaendelea. Hakikisha vijiti havipiti hadi usoni mwa kofia.

Betri ishikwe kwa velkro chini na mkanda juu, na mbele yake pawe na sm 3 za sponji laini ndani ya kisanduku. Kumbuka kwamba ndege inaposimama ghafla betri haijasimama. Gramu 120 zinaendelea mbele kwa mwendo ule ule. Betri ya lipo iliyotobolewa huwaka moto usiozimika kirahisi, ndiyo maana ukuta wa mbele wa kisanduku usiwe na skrubu wala mbao.

Mapezi, yaani vibao vya wima vya kwenye ncha za bawa, yabandike kwa velkro. Yakigongwa yanabanduka mazima badala ya kuondoka na kipande cha bawa.

Mota ifunge kwenye kibao cha plaiwudi cha milimita 3, na kibao hicho ukifunge kwenye bawa kwa tai nne za plastiki za kufungia nyaya, bila gundi. Pigo kali litazikata tai, mota itaning'inia kwenye nyaya zake tatu ikiwa nzima. Tai mpya nne ni kazi ya dakika moja.

Servo zikae ndani ya matundu yaliyokatwa kwenye bawa, zishikwe na tone la gundi ya moto kila pembe na tepu juu. Fimbo ya kusukumia elevoni inaweza kuwa spoku ya baiskeli au waya mgumu wa milimita 1.2, lakini kiungo chake na elevoni kiwe cha plastiki, kipasuke chenyewe kabla ya meno ya servo. Ndege ikigonga elevoni kwanza, unabadilisha kiungo cha bei ya pipi badala ya servo nzima.

Ukingo wa mbele, kinyume na hayo yote, usivunjike. Uvalishe tepu yenye nyuzi, ile ya kufungia mizigo mizito, kutoka ncha hadi ncha, ikunje juu na chini. Ndio unaokata tepe za wenzako.

Hatua ya 5: Mizani

Hakuna hatua inayoharibu ndege mpya nyingi kuliko hii kurukwa. Kwa vipimo nilivyotoa, mahali pa kusawazisha uzito ni sm 14 kuelekea nyuma kutoka pale kingo mbili za mbele za bawa zinapokutana. Usipime kutoka ncha ya kisanduku. Kwa safari ya kwanza weka sm 13.5. Ndege itakuwa nzito kidogo puani, itapenda kwenda mbele, lakini itakutii. Ukirudisha nyuma hadi karibu sm 15.5 itaanza kujipindua yenyewe, na vidole vyako haviwezi kuikimbilia.

Chora alama mbili kwa kalamu chini ya bawa, moja kila upande wa kisanduku, sm 13.5. Weka vidole viwili vya shahada kwenye alama hizo, betri ikiwa ndani na kila kitu kimefungwa, kofia ya pua ikiwa mahali pake. Bawa linapaswa kulala sawa au kuinamisha pua kidogo. Pua ikipanda, sogeza betri mbele. Ikifika mwisho na bado inapanda, ongeza uzito mdogo ndani ya kisanduku. Usijaribu kuruka ukisema utarekebisha kwa rimoti, kwa sababu kosa la mizani rimoti hailiponyi.

Kisha inua ndege kwa pua na kwa katikati ya nyuma, uone ncha gani inalala. Ncha nyepesi iongezee sarafu ndogo chini ya tepu.

Mwisho, elevoni zote mbili ziwe zimeinuka milimita 2 hadi 3 wakati vijiti vya rimoti viko katikati. Bawa lisilo na mkia linahitaji mwinuko huo ili lishike usawa.

Hatua ya 6: Rimoti na majaribio ya chini

Washa uchanganyaji wa elevoni kwenye rimoti, ili vibao hivyo viwili vipandishe ndege na kuigeuza pia, halafu simama nyuma ya ndege, nayo ikiwa inatazama mbele kama wewe. Vuta kijiti kuelekea kwako, na elevoni zote mbili zipande. Sukuma kijiti kulia, elevoni ya kulia ipande na ya kushoto ishuke. Fanya hivi kila asubuhi ya mashindano na kila baada ya kutengeneza, hata kama ulibadilisha kiungo kimoja tu. Ndege nyingi hufa kwa elevoni zilizogeuzwa kinyume.

Mwendo wa elevoni anza na milimita 10 kila upande, ukipunguza ukali wa kijiti kwa karibu asilimia 30 katikati. Kona kali inavutia machoni, lakini inakula mwendo, na ndege iliyopoteza mwendo ni windo.

Kinga ya kupoteza mawimbi lazima izime mota. Ijaribu ukiwa umevua propela: washa mota taratibu, zima rimoti, mota isimame yenyewe. Isiposimama, ndege hiyo isiruhusiwe kushindana. Mwandaaji akague hili kwa kila ndege kwa mkono wake, asikubali kuambiwa tu.

Propela ifunge maandishi yake yakitazama mbele, upande ndege inakoelekea, hata mota ikiwa nyuma. Ikisukuma upepo kinyume, badilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu za mota.

Hatua ya 7: Safari za kwanza

Ruka asubuhi na mapema. Pwani, kuanzia mchana, upepo wa bahari huwa umeshapata nguvu, na wakati wa kusi hali ni ngumu zaidi kwa ndege ya gramu 500. Bara asubuhi nyingi ni tulivu hadi jua lipande.

Aliyejenga Dar es Salaam akaenda kushindana Nairobi atashangaa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Propela ile ile inasukuma kidogo, na ndege inahitaji mwendo wa ziada wa karibu asilimia 9 ili isidondoke. Maana yake kwa mkono wako ni kurusha kwa nguvu zaidi, kutua kwa kasi zaidi, na kupanua kona mpaka uizoee hewa.

Kurusha bawa lenye propela nyuma kuna utaratibu wake. Mkono ushike juu ya bawa, upande wa kulia au wa kushoto wa kisanduku, mota ikiwa imezimwa kabisa. Rusha mbele sawa, ukikabili upepo, pua juu kidogo. Mkono ukishaachia na ndege imekwenda, ndipo unapotia moto, yaani unapowasha mota. Vidole na propela visikutane hata mara moja.

Panda hadi kimo salama, rekebisha hadi iende sawa bila kugusa vijiti, kisha pima muda. Kwa betri ya mAh 1300 tumia asilimia 80 tu, yaani mAh 1040. Ukitumia wastani wa ampea 12, hizo ni dakika 5 na sekunde chache. Raundi ya dakika 5 inakukaba kooni hapo, kwa hiyo jizoeze kuruka kwa moto wa kati na kukanyaga pale tu unapofukuza au kukimbia. Weka kengele ya rimoti ilie dakika ya 4 na nusu.

Ndege ya pili ipitie yote haya pia. Ndege ya akiba ambayo haijawahi kuruka usiihesabu kuwa akiba.

Hatua ya 8: Utepe

Tumia karatasi ya krepu ya mapambo, upana sm 2, urefu mita 8. Nailoni, kitambaa na utepe wa zawadi vipigwe marufuku, kwa sababu havikatiki, na vikijisokota kwenye mota vinaikaba hadi kidhibiti mwendo kinaungua. Kwa kuwa mota yetu iko nyuma, utepe usifungwe katikati. Ufunge karibu na ncha ya bawa, sm 5 ndani ya pezi, kwa uzi mwembamba wa kushonea wa pamba wenye urefu wa nusu mita. Uzi huo ndio utakaokatika utepe ukinaswa, badala ya bawa kuvutwa chini. Utepe utaivuta ndege kidogo upande mmoja, na mibofyo michache ya rimoti inatosha kuirudisha.

Zikunje tepe kwenye mfuko wa plastiki hadi dakika ya mwisho. Umande wa asubuhi hulegeza krepu, na pwani unyevunyevu pekee unatosha kuikata kabla adui hajaigusa.

Kila timu iwe na rangi yake, na chini ya bawa kuwe na rangi tofauti kabisa na juu. Ndege nne zikizunguka dhidi ya mbingu, pasipo rangi hiyo hutajua yako imelala tumbo au mgongo.

Hatua ya 9: Sanduku la matengenezo

Weka tepu yenye nyuzi, tepu pana ya kawaida, tai za plastiki, rababendi, vijiti vya mishikaki, kofia mbili za pua, mapezi ya akiba, viungo vya elevoni, propela, epoksi ya dakika 5, kisu cha karatasi na vipande vya foamu vilivyokatwa tayari. Gundi ya moto inataka umeme, na uwanjani umeme hauna uhakika.

Bawa likikatika nusu usitupe. Ondoa betri kwanza. Rudisha nyuso mbili zilizovunjika, punje kwa punje, hadi zijilishe zenyewe. Zilipovunjikia ndipo zinaposhikana vizuri kuliko ukizilainisha. Paka epoksi kidogo, zibane, kisha laza kijiti cha mishikaki kukatiza ufa juu na kingine chini, ukifunika kila kimoja kwa tepu yenye nyuzi inayozidi ufa kwa sm 10 kila upande. Shika bawa dhidi ya meza sawa hadi epoksi ishike. Pima mizani upya, jaribu elevoni upya, rudi mstarini. Ndege yenye makovu namna hii inaweza kuongezeka gramu 15, na inaruka vizuri tu.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Chora mstari wa usalama kwa chokaa. Marubani wasimame nyuma yake, wote pamoja, migongo kwa watazamaji, na watazamaji wakae mita 30 nyuma zaidi. Hakuna ndege inayopita nyuma ya mstari kwa sababu yoyote. Marubani wavae kofia na miwani ya kukinga macho.

Kila rubani awe na msaidizi pembeni. Rubani haondoi macho kwenye ndege yake, na msaidizi anaangalia nyingine zote na kusema kwa sauti: "Kaka, wa njano yuko juu yako, anakuja kulia!" Wasaidizi wazoefu husema mahali na upande tu, hawasemi cha kufanya. Uamuzi abaki nao rubani.

Hewani, usimfukuze mtu kwa kumfuata mkiani. Utepe wake uko nyuma yake kwa mita nane, unaning'inia chini kidogo, na ukimlenga yeye utaupita. Lenga nafasi iliyo nyuma yake, ukikatiza njia yake kutoka pembeni. Anayekufukuza wewe mgeuzie kona pana kuelekea juu ya kundi, asipate kukukatiza. Ukihisi mota inanguruma vibaya au kupoteza nguvu baada ya kukata, kuna karatasi imejisokota. Zima moto uteleze kutua.

Ndege mbili zikigongana na kuanguka, hakuna anayekimbilia uwanjani hadi zote zitue na mwandaaji aseme. Betri iliyobonyea au kuvimba iwekwe peke yake kwenye ndoo ya mchanga, mbali na magari, iangaliwe kwa nusu saa. Isirudishwe kwenye chaja tena.

Betri zilizo nzima zichaji kwa ampea 1.3, si zaidi, mtu akiwa karibu, na zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Mabawa nayo yasiachwe humo, kwa kuwa gundi ya moto hulegea na bodi hujikunja. Jioni zirudishe betri zote kwenye volti 3.8 kwa kila seli kabla ya kuziweka kabatini, kisha laza kiolezo chako juu ya bodi mpya ukate bawa la kuchukua nafasi ya lililokufa, wakati bado unakumbuka lilivunjikia wapi.